Bakuli la Tatu

Mabakuli yalikuwa matatu, yamepangwa kwenye rafu juu ya jiko. Mawili yalikuwa matupu.

Inspekta aliyatazama kwa muda kabla hajagusa kitu. Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Jumamosi, saa tisa alasiri, Mzee Kimea alikutwa amelala ubavu kwenye sakafu ya chumba hiki, ana jeraha nyuma ya sikio, na damu yake iko kwenye kona ya stendi ya chuma iliyobeba jiko la gesi. Askari waliofika kwanza walidhani aliteleza. Kisha majirani wakasimulia ugomvi wa asubuhi hiyo, na kabla jua halijazama mkwe wa marehemu alikuwa mahabusu. Faili lilimfikia Inspekta likiwa jembamba na hitimisho lake limeshaandikwa. Mafaili ya namna hiyo hakuyapenda.

"Afande, humu ndani kunanuka kama mkate uliolowa," alisema Koplo akiwa mlangoni, leso puani. Alikuwa mtu mzima, amebakiza mwaka mmoja astaafu, na hakuwa na haraka na jambo lolote duniani.

"Wewe si mnywaji? Niambie hapa palikuwa panafanyika nini."

"Mimi bia naijua kuanzia kwenye glasi. Ilikotoka sijawahi kuiuliza."

Chumba kilikuwa stoo zamani, nyuma ya nyumba. Marehemu alikuwa amefanya kazi ya fundi wa maabara ya shule kwa miaka thelathini, na alipostaafu alihamishia maabara yake humu. Kila chombo kilikuwa na msumari wake ukutani, na nyuma ya kila chombo pamechorwa umbo lake kwa penseli, ili kisichorudishwa kijulikane. Kipimajoto kilikuwepo. Mizani ipo. Mashine ya mkono ya kusagia nafaka ipo, imefungwa kwenye ukingo wa meza. Juu ya jiko palikuwa na sufuria kubwa ya chuma cha pua, na ndani yake maji mazito ya rangi ya chai, yamejaa hadi karibu na mpini, juu yameanza kufanya utando.

Kwenye msumari mmoja kando ya mlango hapakuwa na kitu. Umbo lililochorwa lilikuwa la mstatili, ukubwa wa daftari.

"Andika hilo," alisema Inspekta. "Halafu waite mama na binti yake."

Mjane aliingia akiwa amejifunga khanga kiunoni, macho makavu, kama mtu aliyekwisha kulia yote. Alikuwa fundi cherehani, na Jumamosi alikuwa kwenye kibanda chake sokoni tangu asubuhi. Binti yao alimfuata taratibu, mkono kiunoni, tumbo la miezi saba mbele yake. Koplo alimpindulia kreti la chupa ili akae.

"Pole tena, mama," alisema Inspekta. "Nina maswali machache. Ulipofika saa tisa, hili jiko ulilizima wewe?"

"Hapana, mwanangu. Nililikuta limezimwa. Hata mtungi wa gesi ulikuwa umefungwa."

"Kuna mtu yeyote aliyeingia kabla yako?"

"Labda huyo aliyemuua mume wangu."

Inspekta alifungua faili, akasoma tena mstari wa daktari. Aliyepigwa pale hakuweza kusimama tena. Daktari alishindwa kutaja saa ya kifo kwa uhakika, kwa sababu chumba kilikuwa na joto kali. Alisema tu kati ya saa tatu asubuhi na saa nane mchana. Askari walichagua saa tatu, kwa kuwa ndiyo saa ya ugomvi.

"Huo ugomvi wenyewe ulihusu nini?" aliuliza.

Binti alijibu huku akitazama sakafu. "Mimi. Nilikuwa namsaidia baba kubeba ndoo za maji. Mume wangu alikuja kumkataza asinibebeshe tena. Alipiga kelele, ni kweli. Lakini alikaa dakika ishirini tu, akaondoka kwenda gereji kwake. Afande, yule mtu akikanyaga jongoo anaomba msamaha."

"Majirani wanasema alisema, 'Ukimbebesha ndoo tena tutajuana.'"

"Alisema. Na baba akamjibu, 'Sawa, ndoo utabeba wewe.' Mume wangu mwenyewe alinisimulia kwa simu alipofika gereji, anacheka."

"Hayo hakuna jirani aliyeyasikia," alisema Koplo kwa upole.

"Baba hapigi kelele."

Inspekta aligeukia sufuria. "Wewe ulikuwa unamsaidia. Nifundishe. Toka mwanzo, na kila hatua inachukua muda gani."

Binti aliinua uso. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Kwanza anasaga kimea. Ni shayiri iliyooteshwa kidogo halafu ikakaushwa."

"Nilimwacha anasaga," mjane aliingilia. "Natoka saa mbili na nusu, ile mashine yake inagonga kama meno ya mtu mwenye baridi."

"Kusaga ni nusu saa," binti aliendelea. "Kwa hiyo saa tatu anabandika maji. Kwa jiko hili, dakika arobaini. Kisha kimea kinakaa kwenye maji ya nyuzi sitini na saba, saa moja kamili. Ndiyo inatoa utamu. Baada ya hapo anachuja, anasuuza zile nafaka kwa maji ya moto. Hapo alikuwa mpole kama anaogesha mtoto. Dakika arobaini nyingine. Yale maji matamu ndiyo anayabandika tena, na kuchemka kwake ni nusu saa."

Inspekta alikuwa anaandika saa moja chini ya nyingine nyuma ya jalada la faili. "Imechemka. Sasa ni saa sita kasoro dakika kumi."

"Ikichemka tu, anatia bakuli la kwanza la hopsi." Alionyesha bakuli la tatu, ambalo bado lilikuwa na maua makavu ya kijani, yenye harufu kali kama ya ganda la chungwa lililominywa. "Haya ndiyo yanaipa bia uchungu na harufu. Inachemka saa nzima. Bakuli la pili anatia zikibaki dakika kumi na tano. La tatu zikibaki tano."

"Angeweza kutia mawili kwa pamoja?"

Mjane alicheka kidogo, bila furaha. "Mume wangu? Huyo alikuwa anapima chumvi ya mayai."

"Mtu mwingine angeweza kuendelea kupika baada yake?"

"Kwa sababu gani?" binti aliuliza.

Kwa kweli sababu haikuwepo. Inspekta alipiga mstari chini ya hesabu yake. Bakuli la pili lilitiwa saa sita na dakika thelathini na tano. La tatu lilitakiwa kutiwa saa sita na arobaini na tano, na halikutiwa. Katika dakika zile kumi Mzee Kimea alianguka, na mtu fulani akazima moto. Usingezimwa, saa tisa mjane angeikuta ile sufuria bado inachemka.

"Koplo. Mkwe alikuwa wapi saa sita na nusu?"

Koplo alitoka na simu yake. Alirudi baada ya dakika chache. "Chini ya lori, afande. Dereva anasema alimsimamia kichwani tangu saa nne mpaka saa nane, maana alikuwa anasafiri. Anasema miguu ya yule fundi anaweza kuichora."

Binti aliziba mdomo kwa viganja viwili. Inspekta hakumpa nafasi ya kulia.

"Pale kwenye msumari palikuwa na nini?"

"Daftari la baba. La waya. Miaka kumi na moja, kila bia aliyowahi kupika imeandikwa mle."

"Nani angelitaka?"

Mama na binti walitazamana. Binti ndiye aliyesema. "Mwokaji mikate wa barabara ya pili. Ni rafiki ya baba, naye anapika bia. Wanamwita Bingwa, kwa sababu mashindano ya chama chao cha wapika bia amechukua mara mbili mfululizo. Alishawahi kuliomba lile daftari. Baba akamwambia akifa atampa."

Inspekta aliyaandika maneno hayo chini ya hesabu yake.

"Na walikuwa wanaelewana?"

"Mpaka wiki tatu zilizopita," alisema mjane. "Alirudi kutoka chamani akiwa kimya. Kila nikimuuliza, ananiambia, 'Nataka niwe na uhakika kwanza.'"

Inspekta alifungua friji ndogo iliyokuwa pembeni. Ndani mlikuwa na jagi moja tu, limefunikwa kwa taulo. Alifunua. Maji yake yalikuwa meusi tititi.

"Na hii?"

"Ndiyo rangi ya bia yenyewe," alisema binti. "Bia ya baba ni nyeusi. Siku zote kile kimea kilichochomwa alikuwa anakitia pamoja na kingine tangu mwanzo, na sufuria inakuwa nyeusi kama kahawa. Safari hii alibadilisha. Alinipigia Alhamisi, ana furaha kama mtoto. Amegundua kwamba akikiloweka peke yake kwenye maji baridi, halafu akatia yale maji mwishoni na bakuli la tatu, ile ladha ya kuungua inaondoka. Akaniambia nisimwambie mtu mpaka ionjwe."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na mama."

Inspekta alilifunika jagi, akafunga friji.

Mwokaji aliitwa saa tano. Alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye unga kwenye nyusi na sauti ya kubembeleza wateja. Inspekta hakumpeleka kwenye chumba cha nyuma. Alimkalisha sebuleni, na Koplo akaandika maelezo yake neno kwa neno.

"Mara ya mwisho kumwona marehemu ni lini?"

"Wiki tatu sasa. Pale chamani."

"Kwa simu je?"

"Hapana. Kazi, afande. Oveni haina Jumapili."

"Na humu nyumbani?"

"Zaidi ya mwezi sijakanyaga. Ndiyo kinachoniuma, kwamba sikumuaga rafiki yangu."

"Jumamosi mchana ulikuwa wapi?"

"Nimelala. Mwokaji akiamka saa nane usiku, mchana ni usiku wake."

"Tunashukuru. Soma, kama ni sawa weka sahihi."

Alisoma, akaweka sahihi ndefu yenye mkia. Inspekta alipuliza wino kana kwamba ana siku nzima ya kupoteza.

"Sasa naomba msaada wa kitaalamu. Sisi hatujui haya mambo. Njoo utuambie alikuwa anapika nini."

Chumbani, Mwokaji alisimama mbele ya sufuria, akavua kofia. Aliinama, akanusa. Alichota kidogo kwa kijiko, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Masikini mzee wa watu," alisema. "Ni ile bia yake nyeusi, yenye hopsi nyingi. Hakuna mtu aliyeiweza kama yeye."

Koplo alichungulia sufuria. "Nyeusi? Mbona mimi naona chai?"

"Kwa sababu weusi wake bado uko kwenye friji." Alisema kwa wepesi wa mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi.

Kalamu ya Koplo ilisimama.

"Weusi upi?" aliuliza Inspekta.

Mwokaji alikitazama kile kijiko, kisha friji, ambayo mlango wake ulikuwa umefungwa. "Yale maji ya... Watu wengi wanafanya hivyo, afande. Wanaloweka pembeni."

"Marehemu alikuwa anafanya hivyo?"

"Siku zote."

"Miaka kumi na moja hajafanya hata siku moja. Ameanza wiki iliyopita."

"Basi nimekisia."

"Umekisia na friji pia?"

Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na unga wa nyusi ukaanza kulowa. "Mtu anaweza kukisia, jamani. Hiyo si kesi."

"Si kesi," Inspekta alikubali. "Kesi ni daftari. Tukaone oveni."

Duka la mikate lilikuwa mwendo wa dakika nne. Oveni ilikuwa ya kuni, ya matofali, na majivu yake yalikusanywa kwenye pipa uani ili yauzwe kwa watu wa bustani. Mwokaji alisimama kando huku hati ya upekuzi ikisomwa, akisema mara tatu kwamba biashara yake itaharibika. Koplo alivua saa, akakunja mikono ya shati, akaomba chekeche la unga. Alichekecha majivu kama mtu anayeandaa keki, taratibu, huku akipiga mluzi, mpaka viatu vyake vyeusi vikawa vyeupe.

Kwenye chekeche la tano palibaki kitu. Alikinyanyua kwa vidole viwili. Ulikuwa waya uliojikunja mduara kwa mduara, urefu wa daftari, na kwenye ncha yake moja kumeng'ang'ania kipande cha jalada kisichomaliza kuungua. Juu yake palisomeka, kwa herufi zilizopangwa kama za maabara, neno moja: *Joto*.

Mwokaji aliketi kwenye gunia la unga.

"Miaka miwili," alisema. "Miaka miwili naitwa Bingwa."

Kituoni aliyasema yote, na Koplo akayaandika. Marehemu alikuwa na tabia ya kuwapa marafiki chupa. Mwokaji hakunywa zake. Alibandua lebo, akaweka za kwake, akazipeleka kwenye mashindano, akashinda. Mwaka uliofuata akafanya tena. Wiki tatu zilizopita, chamani, Mzee Kimea alimiminiwa bia ya bingwa kwa mara ya kwanza. Alionja, akaweka glasi chini, akamtazama. Hakusema kitu.

"Angesema mkutano ujao," alisema Mwokaji. "Angesimama na daftari lake, asome tarehe mpaka nyuzi za joto. Jumamosi nilikwenda kumwomba anisamehe. Akanipokea vizuri. Hata akanifungulia friji, anionyeshe ugunduzi wake. Nikadhani yamekwisha. Nikamwambia, basi nipe daftari. Akakataa. Nikalivuta, akalishika, nikamsukuma."

"Akaanguka."

"Akajigonga. Lakini alikuwa macho, afande. Akaniambia, 'Zima moto, itafurika.' Nikazima. Nikafunga na mtungi."

"Halafu?"

"Nikachukua daftari, nikaondoka."

"Mtu yuko macho, anazungumza. Hospitali iko mtaa wa tatu. Ulidhani atainuka mwenyewe?"

Mwokaji alitazama mikono yake.

"Sikutaka ainuke," alisema.

Koplo aliandika maneno hayo mawili, akayasoma kwa sauti, akamsogezea kalamu.

Inspekta mwenyewe ndiye aliyekwenda kufungua mahabusu. Mkwe alikuwa ameketi sakafuni, ovaroli yake ya gereji bado ina grisi ya Jumamosi. Alikuwa kijana mpole, mkubwa wa mwili, na alipoambiwa yuko huru hakusimama.

"Ni nani?" aliuliza.

"Yule mwokaji. Rafiki yake."

Kijana alimtazama kama hajasikia vizuri. Kisha uso wake ukabadilika taratibu.

"Bingwa?" alisema. "Lakini yeye ndiye aliyenituma."

"Amekutuma wapi?"

"Kwa baba mkwe. Ijumaa jioni alipita gereji. Akaniambia amemwona mke wangu na ndoo, atapoteza mtoto, na mwanaume gani ananyamaza. Akaniambia nenda kesho asubuhi, saa tatu, utamkuta. Na upaze sauti, mzee siku hizi masikio yake mazito."

Inspekta alikumbuka maneno ya mjane na binti yake juu ya mtu aliyepima kila kitu, asiyepiga kelele.

"Baba mkwe wako alikuwa hasikii vizuri?"

"Anasikia, afande. Niligundua nimeshapiga kelele. Akaniuliza, 'Mwanangu, mbona unanifokea, mimi si nipo hapa?' Nikaona aibu."

"Kwa nini hukutuambia hili tangu Jumamosi?"

"Mliniuliza nilisema nini. Nikawaambia. Hakuna aliyeniuliza nilitumwa na nani. Na mimi ningejisema vipi, kwamba mtu mzima nimetumwa kugombana?"

Inspekta alimshika mkono, akamwinua. "Mkeo yuko nje. Nenda. Lakini usiende mbali, nitakuhitaji."

Alirudi kwenye chumba cha mahojiano kwa hatua za haraka. Mwokaji alikuwa amekwisha kutia sahihi na anakunywa maji. Mabega yake yalikuwa yameshuka, kama mtu aliyetua mzigo. Koplo alikuwa anakusanya karatasi, anatafuta pini ya kuzibana.

Inspekta alivuta kiti, akaketi. Alichukua karatasi mpya, akaiweka mbele ya Koplo.

"Afande, si tumemaliza?" Koplo aliuliza.

"Ya Jumamosi tumemaliza," alisema Inspekta, akimtazama Mwokaji, ambaye glasi yake ilikuwa imesimama njiani, haijafika mdomoni. "Sasa tuanze na Ijumaa."